Kasha gani lifaalo kompyuta ya kujiundia hapa Mombasa?

MkaziWaTudor

Assalam alaykum, na hamjambo nyote.

Ninaunda kompyuta ya mezani kwa kazi ya kuhariri video za arusi. Vipuri vyote nimekwisha kuvipata isipokuwa kasha, ambalo nilidhani lingekuwa jambo jepesi kuliko yote na kumbe ndilo lililonikwamisha. Ubao mama, yaani ule unaochomekwa vipuri vingine, ni wa saizi ya maikro-ATX, kadi ya grafiki ina urefu wa milimita 310, na kipoza cha prosesa ni kile cha mnara chenye kimo cha milimita 158. Naishi Tudor, ghorofa ya tatu, madirisha yanaelekea mkono wa bahari, na nyumbani hatuna kiyoyozi. Kasha langu la zamani lilishika kutu kabla ya kutimiza miaka miwili. Fundi alipotaka kuichomoa kadi, parafujo ilikatika kichwa, mwili ukabaki ndani.

Dukani nimeoneshwa makasha mawili ambayo bei zake zinakaribiana. La kwanza ni dogo, lina kioo mbele na ubavuni, feni zake tatu zina taa, na kwa kweli linapendeza. La pili ni kubwa kidogo, uso wake ni wavu wa chuma, lina feni mbili mbele na moja nyuma, wala halina urembo wowote. Mke wangu amelichagua la kwanza, kwa sababu kompyuta itakaa sebuleni. Naomba ushauri wa watu wa huku, kwani wataalamu wengi ninaowatazama mtandaoni wako Marekani na Ulaya, na sijamsikia hata mmoja akitaja chumvi.

Fundi_Makadara

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya sura, chukua futi kamba urudi dukani.

Ubao mama hautakusumbua, maana maikro-ATX ni milimita 244 kwa 244 na huingia hata katika kasha lililotengenezewa ATX ya milimita 305 kwa 244. Penye mtego ni kwenye kadi. Kiwandani huandika, tuseme, kwamba kasha linapokea kadi ya milimita 330, nawe ukafurahi kwamba yako ya 310 itaingia na nafasi itabaki; lakini mara nyingine kipimo hicho kimechukuliwa kabla ya feni za mbele kufungwa. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, kwa hiyo ikifungwa kwa ndani zinabaki 305, na kadi yako inagota. Ukija kutaka kupoza kwa maji na kuweka rejeta, yaani kile kipande cha kupozea maji yenyewe, hapo mbele, ndiyo kabisa. Pima pia kutoka kwenye ubao hadi kwenye ubavu kwa ajili ya kile kipoza, na ukumbuke kwamba plagi ya umeme ya kadi hutokeza pembeni na nyaya zake hazifai kukunjwa kwa nguvu karibu na plagi.

Ama kuhusu kioo cha mbele, feni iliyo nyuma yake huvuta hewa kupitia vijinafasi vyembamba vya pembeni tu. Feni haiwezi kukiteremsha kifaa chini ya joto la chumba, na sebule isiyo na kiyoyozi mwezi wa Februari, kaskazi inapovuma, joto lake unalijua mwenyewe. Kuhariri video si kazi ya dakika tano. Kompyuta itafanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima au zaidi. Mimi nisingelichukua lile la kioo hata kwa punguzo.

Bahari_Kizingo

Naomba nitofautiane na fundi, kwa adabu. Wavu huo unaosifiwa ndio mlango wa vumbi na chumvi. Kasha langu limefunikwa pande karibu zote, nami nina mwaka wa nne bila tatizo. Anayekaa kando ya bahari akinunua kasha lenye uso wazi ni kama anayeanika kompyuta yake barazani.

BintiKongowea

Ndugu wa Kizingo, chumba chako kina kiyoyozi?

Bahari_Kizingo

Kinacho, na madirisha hayafunguliwi.

BintiKongowea

Basi tofauti ni hiyo. Kiyoyozi kinakupunguzia unyevu, na chumvi bila unyevu haina makali. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani unyevu unapofika kama asilimia 75, na alfajiri zetu nyingi huvuka hapo. Ndiyo maana vumbi lililotulia juu ya ubao mama hugeuka utando mbichi usiku kompyuta ikiwa imezimwa, ilhali inapokuwa inafanya kazi joto lake lenyewe hulikausha.

Kuziba kasha hakuizuii hewa hiyo kuingia. Feni zikitoa hewa nyingi kuliko zinavyoingiza, kasha litanyonya kupitia kila ufa, pale kwenye tundu za USB na vibati vya nyuma vinavyoziba nafasi za kadi, ambako hakuna chujio. Lile la pili, lenye mbili za kuingiza na moja ya kutoa, hufanya kinyume chake: hewa hupita mbele kwenye chujio, kisha husukumwa nje kupitia hizo nyufa. Hakikisha chujio linachomoka kwa mkono bila kugeuza kasha zima; mimi langu huliosha kila baada ya wiki mbili, na maji yanayotoka huwa na rangi ya chai.

Kutu tazama inakoanzia: vichwa vya parafujo, kingo zilizokatwa ambazo rangi haikuzifikia, na vibati vya nyuma. Pitisha kidole ukingoni ndani ya kasha kabla ya kulipa. Bati likiwa jembamba kiasi cha kubonyea kwa dole gumba, liache.

Na ukikichukua kioo cha ubavuni, usikisimamishe juu ya vigae kwa pembe yake. Changu kiligusa sakafu kidogo tu, kikamwagika chote kama mchele.

MkaziWaTudor

Nawashukuru sana. Jana nilikwenda na futi kamba. Kasha la kioo, kutoka kwenye feni ya mbele hadi nyuma, lina milimita 303, kwa hiyo mjadala wa nyumbani umekwisha bila ugomvi. Lile la wavu lina 341, na kimo cha kipoza kinatosha. Tumekubaliana likae juu ya kabati la chini, upande wa ukuta, mbali na dirisha. Limebaki swali moja: parafujo za chuma cha pua nitaziagizaje ili zile zinazokuja na kasha nisizitumie?

BintiKongowea

Usiagize kwa jina. Zimo aina mbili zinazofanana kwa macho: M3, ambazo nyuzi zake ni za karibukaribu, na 6-32, ambazo nyuzi zake ziko mbalimbali na ndizo zinazoshika pawa saplai (kile kisanduku cha kulisha umeme) na kadi. Chukua moja ya kila aina, uzipeleke duka la vifaa vya ujenzi, uzifananishe hapo kaunta. Ikikataa kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa bisibisi.