Nina lupus, na kelele zinanimaliza kuliko kazi yenyewe. Mnafanyaje?

Mwl_Mbagala

Habari zenu wapendwa. Nina lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe; niligundulika baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Natumia haidroksiklorokwini na prednisoloni kidogo. Viungo vimetulia, vipele vya usoni vimepungua. Kinachonitesa sasa ni kuishiwa nguvu ghafla, na nimeanza kuona kwamba hali hiyo haiji ovyo. Inafuata kelele na mwanga.

Nafundisha darasa la tatu, shule binafsi. Darasa lina bati bila dari, mvua ikinyesha inabidi nipaze sauti hadi koo linakauka, na jua likiwaka joto lote linashuka juu yetu. Kengele ni rimu ya gari inayogongwa kwa nondo, imening'inizwa karibu na dirisha langu. Ikigongwa naisikia mpaka kwenye meno. Asubuhi tunasimama mstarini kwenye uwanja usio na mti hata mmoja. Jioni ni daladala: spika juu ya kichwa, konda anagonga bodi, jirani amejipulizia marashi makali. Nikishuka miguu si yangu.

Nyumbani ni vyumba vya kupanga, ua mmoja, kila chumba na redio yake. Naanza kupika, mtoto mmoja ananiuliza hesabu, mwingine kafungulia katuni, basi naganda. Siwezi kujibu, sikumbuki kama nimeshaweka chumvi, mwanga wa taa unachoma macho, natamani giza tu. Nikijilazimisha kumaliza kazi usiku huo, kesho yake siamki. Na siyo uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nalala, naamka nimechoka vilevile.

Wifi yangu anasema nadeka. Mume wangu anajitahidi, ila haelewi iweje Jumamosi nimefua, Jumapili nimekwenda kanisani, halafu Jumatatu nashindwa kuinua ndoo. Nyie mnaoishi na maradhi ya kudumu, nguvu mnazigawaje? Na kelele je? Kuacha kazi sitaki. Naipenda, na ada za watoto zinatoka hapo.

Bi Mwanaidi, Tanga

Pole sana mdogo wangu. Mimi ninayo tangu mwanangu mkubwa yuko chekechea, sasa yuko chuo. Hapo kwenye chumvi nimepajua vizuri.

La kwanza, kelele ihesabu kuwa ni kazi. Nguvu zetu ni kama uniti za LUKU: pasi inakula umeme na kila mtu anaiona, lakini friji nayo inakula kutwa nzima na hakuna anayeitazama. Mstarini, kwenye daladala, kwenye redio za wapangaji, uniti zinakatika kabla hujashika chaki. Ukishalijua hilo hutajiuliza tena "leo nimefanya nini cha kunichosha hivi?" Umefanya mengi.

La pili ni gumu zaidi: pumzika kabla hujachoka. Siku ninayoiogopa mimi ni ile ninayoamka mzima, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo mtu unataka udeki, ufue mapazia, uende sokoni na uwatembelee wagonjwa. Kisha unalala siku mbili. Sasa siku nzuri nafanya kazi zilezile za siku mbaya, nikizidisha nazidisha kimoja tu. Shuka zina siku yake, sare za shule siku yake, na siku ya kutoka sifui kabisa. Nafua nimekaa kwenye kigoda. Maharage naloweka usiku, nachemsha ya siku kadhaa, nagawa kwenye vikopo naweka kwenye friji. Mbuzi ya kukunia nazi niliigawa, sokoni kuna mama anakuna kwa mashine.

Mchana, saa nane, naingia chumbani: pazia zito, feni taratibu, simu naiacha sebuleni. Simu nayo ni mwanga na sauti, ukiwa nayo kitandani hujapumzika. Nalala chali hata kama usingizi haupo. Wewe uko shuleni saa hiyo, lakini kipindi chako kikiwa wazi tafuta stoo ya vitabu, kaa macho yamefumba. Mapumziko mafupi kabla kichwa hakijajaa yanafaa kuliko marefu baada ya kuanguka.

Duka la dawa wanauza vizibo vya masikio vya sponji. Vaa kwenye daladala, havizibi sauti yote, kituo chako utakisikia. Kengele mwambie mwalimu mkuu ihamishwe, rimu na nondo vinahamishika. Na hapo mstarini, mdogo wangu, usisimame juani. Kwetu jua linaamsha ugonjwa wenyewe. Mikono mirefu, kofia pana au mwavuli, hata siku ya mawingu.

Wifi mwache. Mume mchukue siku ya kliniki akasikie kwa daktari mwenyewe.

Muuguzi_Dom

Mwalimu, pole. Naongezea ya hospitali.

Uchovu ni dalili ya kawaida sana ya lupus, lakini usiitwishe lupus kila kitu. Omba upimwe wingi wa damu, tezi ya thairoidi, figo na mkojo. Upungufu wa damu unawapata wengi wenye lupus, na ukijulikana chanzo chake unatibika. Mweleze daktari habari za mwanga na kelele kwa maneno hayahaya uliyoandika, kwa sababu kipandauso nacho huja hivyo na kina dawa yake. Prednisoloni unameza saa ngapi? Ikimezwa jioni inaweza kufukuza usingizi, ndiyo maana kwa kawaida tunashauri asubuhi baada ya chakula. Usiikatishe ghafla hata ukijisikia umepona. Haidroksiklorokwini nayo huchukua miezi kuonyesha kazi yake, na macho yapimwe kwa ratiba.

Bi Mwanaidi nakubaliana naye, ila nisingependa mtu asome hapa akajifungia kitandani. Ugonjwa ukiwa umetulia, kutembea kidogo kila siku kunapunguza uchovu huu. Anza na dakika kumi jua likizama, mwili ukikubali ongeza wiki inayofuata, ukikataa rudi nyuma.

Na kuna mambo ambayo siyo ya kupumzikia nyumbani: miguu kuvimba, mkojo wenye povu, homa, kifua kubana, pumzi kukata, kuchanganyikiwa au degedege. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kuwa uko shule binafsi, soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti cha daktari kinahitajika. Nimeona wengi wakikatwa mshahara kwa kutojua haki hii.

Baba Salma, Likoni

Mke wangu anayo pia, nami nasema ya upande wa waume. Akizima hataki maswali. Umekula? Umemeza dawa? Wapi panauma? Kila swali lataka jibu, na jibu lataka nguvu. Tumekubaliana akifunga leso kwenye komeo la mlango, TV inazimwa, watoto wanakwenda kwa nyanya yao, maji namwekea mlangoni. Leso ataiondoa mwenyewe.

Kinachommaliza ni feri: jua, honi, watu kusukumana. Siku ya kliniki twavuka alfajiri baada ya swala, na jioni jiko haliwashwi, twanunua mahamri na mbaazi. Siku ya pili yake hapangiwi jambo lolote, hata mgeni haji. Watu wa nyumbani wamezoea.

Yuko hapa, aniambia niongeze: miwani ya jua vaa hata ndani ya darasa, usione haya.

Mwl_Mbagala

Asanteni sana, nimemsomea mume wangu yote. Ya leso ameichukua palepale. Prednisoloni nameza usiku, kwa kuwa asubuhi natoka kabla ya kula. Nitamuuliza daktari nihamisheje. Mwalimu mkuu amekubali kengele ipelekwe upande wa jikoni, na mstarini nitasimama barazani.

Bi Mwanaidi, swali moja. Kanisani kwetu spika ni kubwa, na mwezi ujao kuna harusi ya ukoo, siwezi kukosa. Wewe harusi unafanyaje?

Bi Mwanaidi, Tanga

Nakaa karibu na mlango. Ndoa nashuhudia, ngoma zikipamba moto nimeshaondoka. Siku ya pili nakwenda kutoa hongera yangu, nyumba imetulia na biharusi ana nafasi ya kuzungumza. Hakuna aliyenilaumu, maana zawadi natanguliza mapema. Kanisani kaa viti vya nyuma, na umwambie mzee wa kanisa kabla, asije akakusimamisha uhamie mbele.