Naombeni ushauri: Wi-Fi imepotea baada ya kusasisha Debian, na dada anataka nirudishe Windows

mwanafunzi_wa_terminali

Habari za muda huu wakuu. Humu nimekuwa msomaji wa kimya, lakini leo yamenifika.

Huu ni mwezi wa tatu natumia Debian 12, aina mojawapo ya Linux, yenye Xfce (mwonekano mwepesi wa skrini), kwenye laptopu ya zamani, RAM GB 4. Kwenye Windows mashine hii ilikuwa inahema, ukifungua kivinjari unasubiri mpaka unachoka. Sasa ni nyepesi kabisa. Ila wepesi sio ulioniteka. Siku moja nilifungua .bashrc, faili la mipangilio ya terminali (dirisha la kuandikia amri), nikaandika mstari mmoja unaoanza na PS1, nikaifungua terminali upya na jina langu likatokea kwa kijani. Jambo dogo sana, lakini nilikaa hadi usiku wa manane nikifungua faili moja baada ya jingine kuona kila kitu kinatoka wapi. Sijawahi kuipenda kompyuta namna hii.

Tatizo ni kwamba laptopu tunatumia wawili, mimi na dada yangu, na yeye anaandikia tasnifu yake humo. Jana nilisasisha mfumo, nikawasha upya, Wi-Fi haipo. Haionyeshi hata orodha ya mitandao. Kadi ya Wi-Fi ni ya kampuni ya Broadcom. Mwanzoni niliipata kwa kuweka draiva yake (programu inayoiendesha kadi), broadcom-sta-dkms, nikifuata maelekezo ya mtandaoni, na ikafanya kazi bila shida hadi jana. Dada alikuwa na kazi ya kutuma jana hiyohiyo. Ameniambia nirudishe Windows, na sina la kumjibu.

Nirudi Windows? Nihamie Linux Mint? Au kuna namna?

bundi_wa_usiku

Mkuu usifute chochote kwanza. Washa upya, na ile skrini ya GRUB, ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikitokea chagua mstari wa pili, wa chaguo za ziada, kisha ingia kwa keneli (kiini cha mfumo) yenye namba ndogo. Debian haiondoi keneli ya zamani inapoleta mpya. Utuambie kama Wi-Fi imerudi.

fundi_keneli

Bundi yuko sahihi, na nadhani najua kilichotokea. Ukiwa kwenye keneli mpya andika `uname -r`, halafu `dkms status`, ulete majibu yote mawili hapa.

Na intaneti unayo hata sasa. Chomeka simu kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaiona kama kadi ya mtandao ya kawaida, bila draiva yoyote ya kuongeza. Mpe dada atume kazi yake kwanza, sisi tuendelee.

mwanafunzi_wa_terminali

Simu imekubali palepale! Dada ametuma. Keneli ya zamani nayo Wi-Fi ipo. Nikirudi kwenye mpya napata hivi:

uname -r: 6.1.0-26-amd64
dkms status: broadcom-sta/6.30.223.271, 6.1.0-25-amd64, x86_64: installed

fundi_keneli

Basi jibu hilo hapo. Tazama namba: draiva imejengwa kwa ajili ya 25, wewe umeingia 26.

Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya keneli yenyewe, kwa hiyo zinasasishwa nayo. Hii ya Broadcom haimo, kwa sababu sehemu yake imefungwa, haina msimbo wazi, na keneli iko chini ya leseni ya GPL, inayotaka msimbo uwe wazi. Ndiyo maana inakaa pembeni na kujengwa upya kwa kila keneli inayokuja. Kazi hiyo anaifanya programu iitwayo DKMS, ila hawezi kujenga bila vifurushi vya linux-headers (faili za kujengea draiva) vya keneli husika. Mara nyingi maelekezo ya mtandaoni yanakuambia uweke `linux-headers-$(uname -r)`. Hapo unapata vya keneli uliyonayo siku hiyo tu. Ikija mpya, havimo, na DKMS ananyamaza.

Chomeka simu, kisha:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-amd64

Hicho kifurushi hakifungwi na namba, kinaifuata keneli kila inaposasishwa. Kikimaliza washa upya.

mama_wa_seva

Mdogo wangu, fundi amekujibu vizuri upande wa mashine. Mimi nakuambia upande wa dada yako.

Kompyuta yenye tasnifu ya mtu si uwanja wa majaribio. Nakuelewa, mapenzi hayo nayajua, nami nimewahi kukesha nikijenga keneli nzima mwenyewe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, naye alipotangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991 aliiita burudani tu. Lakini burudani ipewe nafasi yake. Tafuta diski ya nje, weka Debian nyingine humo, uivunje na kuijenga unavyotaka. Ile ya ndani usiisasishe siku ambayo dada ana kazi ya kutuma, na kabla ya kusasisha nakili tasnifu kwenye fleshi. Muulize pia, kwa dhati, kama aliwahi kukubali kuhamishwa Windows. Kama jibu ni hapana, anza kwa kumwomba radhi.

Kuhusu Mint: ni mfumo mzuri, lakini kadi itakuwa ileile na draiva ileile. Usihame kwa sababu hii.

mwanafunzi_wa_terminali

Nimerudi wakuu. Nilipoweka linux-headers-amd64 niliona kwa macho yangu DKMS akianza kujenga, mistari inapita, mwisho ikaandika 6.1.0-26-amd64. Nimewasha upya, Wi-Fi ipo, na sasa naelewa kwa nini ipo. Fundi, Mungu akubariki.

Mama, nimezungumza naye. Kweli sikuwahi kumuuliza, nilimwekea tu. Nimemwomba radhi. Amesema LibreOffice, ile programu ya kuandikia, haimsumbui, anachotaka ni kujua mapema nikitaka kugusa kitu, na tumekubaliana nisisasishe hadi awasilishe sura ya tatu. Nimepata diski ya nje ya GB 120. Je, wakati wa kusakinisha humo, GRUB niiweke kwenye diski hiyohiyo ya nje, ili ya ndani isiguswe?

bundi_wa_usiku

Ndiyo, hiyohiyo ya nje. Kama unaweza kufungua mfuniko wa chini, ichomoe kabisa ile ya ndani kabla ya kuanza, uirudishe ukimaliza.