Farasi kwanza au kuku kwanza? Tulinganishe utaratibu wa kazi za asubuhi

Mfugaji wa Alfajiri (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wafugaji, nyumbani nina farasi 2 na kuku 18, na kila asubuhi nina saa moja na nusu tu kabla ya kuelekea kazini. Hadi sasa huanza na kuku kwa sababu banda lao liko karibu na mlango wa jikoni, lakini farasi wakisikia tu komeo la banda hilo huanza kugonga mlango wao kwa kwato, na mmoja ameshauvunja ubao. Je, niendelee hivi, nianze na farasi, au kazi hizi nizigawe kwa namna nyingine?

Kwato Imara

Anza na farasi. Mnyama huyu ameumbwa ale kidogo kidogo kwa sehemu kubwa ya siku, na tumbo lake hutoa asidi mfululizo hata asipokula kitu, hivyo akikesha bila nyasi asidi hiyo hushambulia ukuta wa tumbo na kuleta vidonda. Farasi wa kilo 500 anahitaji takriban kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, nami huwapa wangu fungu la kwanza kabla sijagusa kazi nyingine. Nyasi zitangulie, nafaka ifuate. Nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja huweza kumletea maumivu makali ya tumbo, na aliyewahi kumwona farasi akijigaragaza huku akigeuka kuutazama ubavu wake hawezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Mama Vifaranga

Naheshimu maoni ya mwenzangu, ila kuku nao wana haki yao. Kuku wengi hutaga asubuhi, na ukichelewa kuokota mayai hujazana kwenye viota na kuvunjika. Kuku akishaonja yai lililovunjika huweza kuzoea kuyala, na tabia hiyo ni ngumu mno kuikomesha. Tena kazi yao ni fupi: kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku na kunywa takriban robo lita ya maji. Jambo nisiloliruka ni kuinama hadi kichwa kifikie kimo cha kuku. Harufu ikinichoma macho pale chini, najua maranda yamelowa na ni lazima yabadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama nikiwa nimesimama sisikii chochote.

Toroli la Samadi

Nyote mko sahihi, na kwa maoni yangu hakuna haja ya kumaliza upande mmoja ndipo uanze mwingine. Mimi huwatupia farasi nyasi na kukagua maji, kwa kuwa farasi mmoja huweza kunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, kisha huwafungulia kuku wakati farasi wanatafuna, halafu hurudi zizini na toroli. Samadi yenyewe huniarifu mengi: nikikuta marundo machache kuliko kawaida, au makavu na madogo, sisubiri jioni kumpigia daktari wa mifugo. Kwato huzichokonoa mwisho, mnyama akiwa ametulia. Hasara ya mpango huu ni kwamba kuku waliofunguliwa mapema huingia zizini na kunyea hori, kwa hiyo unahitaji wavu.

Mlinzi wa Ghala

Kabla hamjaafikiana juu ya zamu, tazameni magunia. Baadhi ya vyakula vya vifaranga na kuku wanaokua huchanganywa na monensini ili kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa farasi: huharibu misuli ya moyo, haina kiuasumu, na kiasi ambacho kuku hukivumilia kinaweza kumuua farasi. Asubuhi moja nilikuta kopo la kuku limezama ndani ya gunia la farasi, kwa sababu aliyenisaidia alikuwa na haraka. Nililimwaga gunia lote. Tangu hapo vyakula hivyo viko katika vyumba viwili, na kila kimoja kina kopo lake la rangi yake.

Kwato Imara

Hilo lilipaswa kuwa la kwanza katika mada hii. Asante sana, ndugu. Nami nakubali kwamba mpango wa Toroli unawatosheleza farasi, mradi nyasi zitangulie kila siku bila kukosa.

Mfugaji wa Alfajiri

Nimeujaribu mpango huo kwa siku 9, na magunia nimeyatenganisha jioni ile ile niliposoma onyo. Leo nilipovuta komeo la banda la kuku, yule mvunja mbao aliinua sikio moja tu na kuendelea kutafuna. Kilichobaki ni hori: kuku mmoja mweupe anang'ang'ania kutagia humo, na jana nilikuta yai lake chini ya nyasi, bado lina joto. Aliyewahi kuweka wavu mlangoni mwa zizi bila kumzuia farasi kutoa kichwa anieleze aliuinua hadi kimo gani.