Naomba ushauri: fundi wa rezo kwenda kwenye kongamano la mitandao chuo kikuu, Lubumbashi

FundiKatuba

Jambo yenu, wakubwa na wadogo.

Ninafanya kazi ya rezo, yaani mitandao ya kompyuta, hapa Lubumbashi: kuvuta kebo, kupandisha antena juu ya paa, kupanga ruta (mashine za kuelekeza trafiki) za MikroTik kwenye madepo, nyumba za wageni na maofisi madogo. Nilisoma informatiki hadi diploma ya kwanza, kisha nikaingia kazini.

Chuo kikuu kimoja hapa mjini kinaandaa kongamano la siku mbili juu ya mitandao ya kompyuta. Tangazo linasema hata wasio wanafunzi wanaweza kujiandikisha. Programu nimeisoma: siku ya kwanza asubuhi ufunguzi na kikao cha mabango ya utafiti, mchana maprofesa. Siku ya pili kuna watafiti wa nje kwa njia ya video na mjadala na watoa huduma wa intaneti. Nusu ya vichwa vya mada sivielewi.

Ninataka kwenda juu ya jambo moja linaloninyima usingizi. Mteja wangu ana madepo mawili, moja komini ya Kenya hapa mjini, lingine komini ya Kampemba, na kila depo ina mtoa huduma wake. Nikipiga ping (ujumbe mdogo wa kupima muda wa kwenda na kurudi) kutoka moja hadi lingine, jibu linarudi baada ya milisekunde 170 na zaidi. Ndani ya mji mmoja! Programu ya stoki inaganda, karani anabonyeza mara mbili, mfuko mmoja wa simenti unaandikwa kuwa miwili, na lawama inamwangukia fundi. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha ruta, bado vilevile.

Je, kongamano la namna hiyo lina faida kwa mtu wa kazi za mikono? Nitauliza vipi bila kuonekana ninapeleka malalamiko ya mteja mbele ya maprofesa? Na ruhusa kwa bosi niiombe vipi, maana siku usiyofanya kazi inakatwa?

Aksanti.

MzeeWaRuta

Mwanangu, nenda. Lakini kwanza kaa na hiyo 170 yako, maana imebeba habari kubwa.

Mwanga ndani ya faiba unakimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Ping ni kwenda na kurudi, kwa hiyo gawanya 170 kwa 2, unapata 85. Zidisha kwa 200: kilomita 17,000. Hicho ni kikomo cha juu, sisemi pakiti (vipande vya data) zimetembea kilomita zote hizo, kwa sababu sehemu ya muda inaliwa na foleni ndani ya maruta na redio ya antena yako. Ila kutoka Kenya hadi Kampemba, hata faiba ikizunguka mji mzima, safari yenyewe haimalizi milisekunde moja. Mimi ninaona pakiti zako zinatoka nchini, zinashuka kusini kupitia Zambia, pengine zinavuka bahari, ndipo zinarudi kugonga mlango wa jirani.

Piga traceroute, amri inayoorodhesha ruta moja moja njiani, na uipige kutoka pande zote mbili. Njia ya kwenda na njia ya kurudi mara nyingi hazifanani, na traceroute inakuonyesha ya kwenda tu. Halafu usichukue wastani wa ping. Chukua namba ndogo kabisa uliyoipata usiku wa manane: hiyo ndiyo inakaribia urefu wa njia. Kinachoongezeka juu yake mchana ni foleni. Na ukiona ruta moja katikati inajibu polepole lakini inayofuata inajibu haraka, iache. Maruta mengi yanaweka kazi ya kujibu ping nyuma ya kazi ya kupitisha pakiti.

NimeonaMengi

Mimi nitasema ukweli wangu, msikasirike. Makongamano mengine ni hotuba, picha ya pamoja, cheti, na soda. Mtu ambaye siku yake inakatwa asiende kwa ajili ya cheti. Hakuna mteja wa Lubumbashi atakayekulipa zaidi kwa sababu umebandika karatasi ukutani. Nenda siku ya pili tu, kwenye mjadala wa watoa huduma, uliza swali lako, rudi kazini.

AsistantiWaMitandao

Mkubwa hapo juu ana haki kuhusu hotuba, lakini siku ya kwanza asubuhi ndipo kuna mabango, na kwa dada huyu mabango yana faida kuliko mjadala. Kwenye mjadala unapewa dakika moja na maikrofoni inazungukazunguka. Kwenye bango mtafiti amesimama pale pale, anangoja mtu amuulize. Unaweza kumtolea namba zako, mkatazama pamoja, akakuambia umepima vizuri au umepima vibaya.

Dada, usiogope kwamba swali lako ni dogo. Mwaka 1986, kule Berkeley, Marekani, mawasiliano kati ya maabara moja na chuo kikuu jirani, umbali usiofika mita 400, yalianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti, si kilobiti! Mtafiti Van Jacobson na mwenzake Mike Karels wakataka kujua kwa nini majirani wawili hawawezi kusikilizana. Waligundua kwamba mashine zilikuwa zinatuma upya pakiti zilezile bila kupunguza kasi, na rezo inazidi kujaa. Jibu lao lilisomwa kwenye SIGCOMM, kongamano la watafiti wa mitandao, mwaka 1988, na hadi leo njia ya TCP (kanuni ambayo mashine hutumia kutumiana data) ya kuanza taratibu na kujirudi inapoona msongamano inatokana na kazi ile. Swali lao lilikuwa la aina yako: hapa na pale ni karibu, mbona tunachelewa?

Tofauti ni kwamba kwako nashuku njia kabla ya foleni. Lubumbashi ina kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti, LUBIX, kama Kinshasa ilivyo na KINIX na Goma GOMIX. Lakini kuwepo kwa kituo hakutoshi. Lazima watoa huduma wote wawili wawe wameunganishwa pale, na lazima kila mmoja amtangazie mwenzake anwani za wateja wake kwa BGP, lugha ambayo maruta ya watoa huduma huambiana njia. Kama mmoja hakutangaza kipande cha anwani ambamo depo yako imo, pakiti zitafuata njia wanayoijua, hata ikiwa ni ya kuzunguka bara.

BosiWaRuashi

Mimi nina mafundi wanne, naongea kama mtu anayeombwa ruhusa kila wiki. Usimwambie bosi "nataka kwenda kongamano". Mwambie: "Mteja fulani analalamika, tukimpoteza tunapoteza pesa ya kila mwezi, watu wenye jibu watakuwa kwenye ukumbi mmoja tarehe fulani." Mwombe siku moja na nusu, si mbili. Mwahidi utarudi na karatasi moja inayoeleza ulichopata, na umwandikie kweli. Bosi akiona karatasi ya kwanza, ya pili haitakuwa shida.

Na ombi moja: namba za mteja usizianike. Futa anwani za IP za madepo kwenye karatasi yako, andika "Depo A" na "Depo B". Mwombe mteja ruhusa hata kwa ujumbe wa simu. Kuna watu wamepoteza kazi kwa picha moja ya skrini.

Nyota_L3

Yaya, dada yangu mkubwa, kuhusu lugha: maprofesa wataongea Kifaransa, picha za skrini nyingi zitakuwa na Kiingereza. Usijaribu kuelewa kila kitu. Mimi hutafuta mambo matatu tu kwa kila mada: wanatatua shida gani, wamepima wapi, na namba yao kubwa ni ipi. Hesabu za katikati naziacha, nikizihitaji nasoma nyumbani. Kaa mbele upande wa kando, unaona skrini na unaweza kutoka bila kusumbua. Na chaji simu yako usiku, ukumbini sehemu za kuchomeka hugombaniwa kama maji ya bomba.

FundiKatuba

Aksanti sana, wazazi na ndugu. Nimefanya kama Mzee alivyosema.

Kutoka Depo A, mistari minne ya kwanza ya traceroute iko chini ya milisekunde 10. Mstari wa tano unaruka hadi 48, na jina la ruta lina herufi "jnb" ndani yake.  Kutoka Depo B njia ni nyingine kabisa, majina siyajui, lakini nayo inaruka mapema. Namba ndogo kabisa ya usiku ni 164. Saa sita ya mchana inafika 240.

Je, "jnb" ni Johannesburg?

MzeeWaRuta

Ndiyo, wengi huita maruta kwa herufi za uwanja wa ndege au za mji. JNB ni Johannesburg. Usiape kwa jina peke yake, kwa maana mafundi husahau kubadilisha majina wakihamisha ruta, lakini hapa jina na milisekunde vinakubaliana. Mfuko wa simenti unahama kutoka Kenya hadi Kampemba, habari yake inapitia Afrika Kusini. Inauma, mwanangu.

Sasa una magonjwa mawili, usiyachanganye. Ile 164 ni njia. Ile 76 inayoongezeka mchana ni foleni, na sehemu yake inaweza kuwa mlangoni kwako. Kama ruta zako zina RouterOS (programu endeshi ya MikroTik) ya toleo la 7, jaribu foleni ya aina ya CAKE au fq_codel, ambazo huzuia foleni kurefuka, na uweke kikomo cha kasi chini kidogo ya kile mtoa huduma anachokupa kweli, ili foleni ikae kwako ambapo unaitawala. Pima tena saa sita ya mchana.

Kuhusu njia, peke yako huiwezi. Kwa haraka, mteja anaweza kuhamisha madepo yote mawili kwa mtoa huduma mmoja, au kama paa linaonana na paa, piga kiungo cha redio moja kwa moja. Na huyo karani: mwambie mwenye programu aizuie kupokea bonyezo la pili kabla la kwanza halijajibiwa.

AsistantiWaMitandao

Basi swali lako la siku ya pili liko tayari, nimelifupisha ili litoshe dakika yako: "Trafiki kati ya wateja wawili wa mji huu, kwa watoa huduma tofauti, inapimwa milisekunde 164 usiku na inapita nje ya nchi. Je, nyinyi wawili mnatangaziana anwani zenu zote kwenye kituo cha hapa, na kama sivyo, kinazuia nini: gharama, kiungo au mpangilio?" Usitaje nani ni nani kama hujaombwa. Uliza, kisha kaa. Wakijibu kwa maneno ya jumla, wafuate wakati wa mapumziko na karatasi mkononi. Fundi wao akiona traceroute ya pande mbili yenye saa na tarehe, hawezi kukuambia uzime na kuwasha ruta.

NimeonaMengi

Kwa namba hizo nabadilisha ushauri wangu. Nenda asubuhi ya kwanza pia.

FundiKatuba

Bosi amekubali: siku ya kwanza hadi saa sita ya mchana, siku ya pili nzima. Mteja naye ameandika "sawa, ila jina langu lisionekane". Nimejiandikisha leo. Swali la mwisho: sina pesa ya kuchapisha bango, na sidhani nimealikwa kuleta lolote. Niende mikono mitupu?

AsistantiWaMitandao

Bango ni la waliokubaliwa mapema, usihangaike. Chapisha karatasi moja ya A4: mchoro mdogo wa madepo mawili, njia ya kwenda, njia ya kurudi, namba ya usiku na ya mchana. Toa nakala kumi hivi. Nyuma yake andika umepima kwa kebo au kwa Wi-Fi, hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.

FundiKatuba

Kwa kebo. Nitaandika. Kama kuna mtu wa upande wa Katuba anayekwenda, anijibu hapa. Kufika kampasi lazima tupite mjini kwanza, na asubuhi magari yanajaa.

Nyota_L3

Mimi niko Kamalondo, yaya. Nakutumia namba kwa ujumbe wa pembeni. Saa kumi na mbili na nusu tuwe barabarani.