Wajukuu wa Bi Mwanakombo 🏒: VAR ya barafuni

*Hamisi (Nairobi):* Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Wengine hamjambo. Nimeletewa tena kile kipande cha video ya hoki, Bennett wa Panthers na Stolarz kipa wa Leafs, mechi yao ya kwanza ya mchujo wa NHL (ligi ya Amerika Kaskazini), Mei 2025. Mkono unapita kwenye kichwa cha kipa, mchana kweupe, marefa wawili wamo uwanjani na waamuzi wa mistari wawili. Adhabu hakuna. VAR yao ilikuwa imelala?

*Mjomba Salim (Toronto):* Marahaba. Haikulala, imefungwa mikono. Refa anaruhusiwa kwenda kwenye skrini kuangalia adhabu ya dakika 5 (mkosaji anakaa nje, timu inabaki pungufu) ALIYOKWISHA KUITOA. Akiona amezidisha, anaishusha iwe dakika 2. Asiyeinua mkono hana cha kwenda kutazama. Kosa lisilopigiwa filimbi limekufa palepale.

*Rehema (Edmonton):* Na hapo ndipo inapoachana na VAR ya mpira wa miguu. Kule chumba cha video kinaweza kumwita refa kwa kadi nyekundu iliyompita. NHL hawana hiyo.

*Hamisi:* Sasa kanuni ya hivyo ya nini? Unamsaidia refa aliyeona, unamwacha aliyepitwa 😂

*Mjomba Salim:* Iliandikwa kuziba shimo jingine. 23 Aprili 2019, San Jose na Vegas, mechi ya saba, ya kuamua nani anasonga mbele. Vegas wanaongoza 3-0, kipindi cha tatu kinaenda. Baada ya kugombea kisahani (ndicho mpira wa hoki), Cody Eakin wa Vegas anamsukuma Joe Pavelski wa San Jose kwa gongo kifuani. Sukuma ya kawaida ile, unaiona mara kumi kwa usiku. Pavelski anayumba, anagongana na Stastny wa Vegas, anaanguka vibaya, kichwa kinapiga barafu, damu inatoka. Marefa wanatoa dakika 5.

*Mjomba Salim:* Na kumbukeni, adhabu ya dakika 2 inakwisha wapinzani wakifunga. Ya 5 haikwishi, hata wafunge kumi. San Jose wakafunga manne humo humo. Vegas wakasawazisha mwishoni, 4-4, halafu Goodrow wa San Jose akawamaliza muda wa nyongeza. Ligi ikawaomba Vegas radhi, na msimu uliofuata ndiyo ikaja kanuni ya kuhakiki dakika 5.

*Rehema:* Yaani refa aliona damu, kosa lenyewe hakuliona.

*Dada Zena (Ottawa):* Rehema umelisema. Hii ligi macho yake yanafuata damu. Gongo likikupiga usoni ni dakika 2, likikutoa damu ni 4. Gongo lile lile, mkono ule ule, uzembe ule ule! Mdomo ukipasuka kidogo tu, aliyekupiga anakaa kizimbani, nje ya mchezo, muda mara mbili. Ubongo ukitikisika hautoi hata tone, basi mchezo unaendelea.

*Shangazi Mwanasiti (Mombasa):* Marahaba Hamisi. Mchango wa harusi ya Fatma mwisho Ijumaa. Nawakumbusha tu, endeleeni na barafu yenu.

*Rehema:* Nimetuma shangazi, angalia simu.

*Dada Zena:* Narudi kwa Stolarz, maana tuwe waadilifu. Kipindi cha kwanza alikuwa ameshapigwa kisahani usoni, kwenye barakoa, shuti la Reinhart. Kile kitu ni gramu 170 za mpira mgumu uliogandishwa makusudi usidunde. Kipindi cha pili ndipo Bennett akapita kwenye eneo la bluu, mbele ya goli, la kipa. Kipa akaonekana anatapika benchini, akatoka, kipa mwenzake Woll akaingia. Kwa hiyo huwezi kusema kwa hakika ni pigo lipi lililomuumiza. Lakini la pili ndilo lililokuwa la kuzuilika, na ndilo lililostahili filimbi.

*Hamisi:* Mapigo mawili karibu karibu yana ubaya gani hasa? Daktari wetu tuambie.

*Dada Zena:* Mimi fizio, usinipandishe cheo 😄 Ubongo uliotikisika unahitaji nguvu nyingi kujirekebisha, na wakati huo huo damu inayoufikia inapungua. Ukipigwa tena kabla haujatulia, hata pigo dogo linaleta dalili nzito na za muda mrefu. Mfano wenu mnaoujua: Crosby wa Pittsburgh. 1 Januari 2011 Steckel anamgonga kichwani kwenye mechi ya uwanja wa wazi, ile ya Mwaka Mpya. Tarehe 5 anacheza tena, Hedman anamgandamiza ukutani. Msimu wake ukaishia hapo. Alirudi 21 Novemba, akapata mabao 2 na pasi 2 usiku ule ule, sote tukasema kapona. Desemba akatoka tena hadi Machi.

*Mjomba Salim:* Na alikuwa na miaka 23, mchezaji bora duniani. Ingekuwa ni fundi wa kawaida asingejadiliwa na mtu.

*Dada Zena:* Siku hizi wapo waangalizi, tangu 2016, wanaofuatilia kwenye televisheni kutoka New York. Wakiona dalili za orodha baada ya pigo la kichwa (kuchelewa kuinuka, kushika kichwa, kuyumba, kukodoa macho matupu) wanapiga simu benchini na mchezaji lazima atolewe akapimwe. Kocha hana kauli hapo. Hilo nawapongeza. Tatizo linabaki kwamba wao wana mamlaka ya kumtoa aliyepigwa, aliyepiga anabaki anacheza.

*Hamisi:* 😳 Hiyo sikuwahi kuifikiria hivyo.

*Rehema:* Halafu sasa linganisheni na mambo wanayoyakagua kwa darubini. Kuotea! Bao linafungwa, kocha anapinga, wanarudisha video nyuma sekunde 40, dakika nzima, wanatazama kama wembe wa kiatu ulivuka mstari wa bluu, wa kuingilia eneo la wapinzani, kidole kimoja kabla ya kisahani. Bao linafutwa. Lakini kiwiko cha kichwa hakina darubini.

*Mjomba Salim:* Rehema bado ana kidonda cha 2022.

*Rehema:* Kidonda kipo mjomba, sikifichi. Colorado na Edmonton, mechi ya kwanza ya nusu fainali. Nichushkin wa Colorado yuko ndani ya eneo letu, mwenzake Makar anavuka mstari na kisahani, anapiga, bao. Kocha wetu akapinga, bao likabaki. Na ukipinga ukashindwa, wako mmoja anakwenda kizimbani dakika 2. Kipindi cha pili hakijapoa, Kadri wao akafunga sisi tukiwa bado pungufu. Mabao mawili kwa uamuzi mmoja.

*Mjomba Salim:* Na uamuzi ulikuwa SAHIHI. Sikiliza. Makar alikisukuma kisahani mbele, kikavuka mstari peke yake, yeye hakukigusa tena mpaka Nichushkin alipotoa mguu nje. Asipokigusa, kuotea kunasubiri, na mwenzake akishatoka kunafutika. Kosa lilikuwa la benchi lenu. Tangu msimu wa 2019-20 bei ya kupinga jambo lolote na kushindwa ni dakika 2, na ukishindwa tena kwenye mechi hiyo hiyo ni 4. Kwa bei hiyo usipinge kwa hasira, pinga kama mtu wako wa video amesimamisha picha na umeona wembe na kisahani kwa pamoja.

*Rehema:* Tangu lini "kukiongoza kisahani" si kuwa nacho?

*Mjomba Salim:* Kwa kuotea wanahesabu kugusa. Si lugha yangu, ni ya kitabu.

*Rehema:* Kitabu kilekile kilichompa Evander Kane mechi moja.

*Hamisi:* Ipi hiyo?

*Rehema:* Mfululizo ule ule wa 2022, mechi ya tatu. Kane (wetu, nakiri) alimsukuma Kadri kwa nyuma akaingia ukutani akiwa mita moja na kitu kutoka kwenye mbao. Hapo ndipo pabaya kuliko pote uwanjani. Ukiwa umegusa ukuta, ukuta unakubeba. Ukiwa mbali kidogo, unapata nafasi ya kuanguka na mikono au kichwa ndivyo vinatangulia. Kadri kidole gumba kilivunjika, kikafanyiwa upasuaji. Kane alipata dakika 5 na kufungiwa mechi 1.

*Mjomba Salim:* Na Kadri akarudi fainali, mechi ya nne na Tampa, akafunga bao la muda wa nyongeza. Tampa wakalia kwamba Colorado walikuwa wengi uwanjani: Kadri ameshaingia, MacKinnon anayetoka kumpisha bado hajafika benchi. Kanuni inataka anayetoka awe ndani ya futi 5 za benchi lake na hagusi mchezo. Ligi ikajibu: hilo ni la macho ya marefa, video haihusiki.

*Hamisi:* Kwa hiyo kwenye bao la fainali idadi ya watu haikaguliwi, ila kidole cha kiatu kinakaguliwa 🤦🏾‍♂️

*Dada Zena:* Karibu kwenye hoki.

*Mjomba Salim:* Kanuni ya video hupanuka kwa aibu tu, Hamisi. San Jose na St. Louis 2019, Meier wa San Jose alipiga kisahani kwa kiganja kikaenda kwa mwenzake, Karlsson akafunga muda wa nyongeza. Pasi ya mkono ni haramu, uwanja mzima umeona, hakuna kanuni ya kuikagua. Msimu uliofuata wakaiweka. St. Louis bahati yao walishinda zote tatu zilizofuata na kombe wakachukua, la sivyo wangelia mpaka leo.

*Hamisi:* Basi tunangoja aibu kubwa ya kiwiko ndipo waiguse.

*Dada Zena:* Aibu ya kichwa ilishakuja. Machi 2010, Cooke alimpiga Savard kichwani. Cooke hakupata adhabu wala hakufungiwa kwa sababu kanuni ya kupiga kichwa HAIKUWEPO. Wakaiandika mwezi huo huo. Iliyobaki ni kuipa macho.

*Rehema:* Mimi pendekezo langu dogo: jambo lolote la kichwa ambalo mwangalizi wa New York amelipigia simu, refa apewe ruhusa ya kuliangalia kwenye skrini. Simu imeshapigwa, skrini ipo. Hauongezi mtu wala mashine.

*Mjomba Salim:* Hiyo naiunga mkono. Ila watasema mchezo utachelewa.

*Rehema:* Kuotea kunachelewesha dakika ngapi? 🙂

*Hamisi:* Na adhabu za baadaye je? Nasikia faini ya dola 5,000 kila mara.

*Mjomba Salim:* Faini hiyo kwa mtu wa mamilioni ni nauli ya teksi. Kinachouma ni kufungiwa, maana unakatwa mshahara. McDavid wa Edmonton, Januari 2025, gongo usoni mwa Garland wa Vancouver, mechi 3. Mshahara milioni 12.5 ugawe kwa siku 192 za msimu, zidisha kwa 3: dola 195,312.50. Kama angekuwa mkosaji wa kurudia wangegawa kwa mechi 82 badala ya siku, na ingezidi mara mbili.

*Rehema:* Garland alimshika chini muda mrefu bila filimbi. Nasema tu.

*Mjomba Salim:* Alimshika, kweli. Gongo la usoni bado ni gongo la usoni.

*Hamisi:* Sasa hili la majeruhi. "Jeraha la juu ya mwili", "la chini ya mwili". Hivi shingo na kidole vyote juu?

*Dada Zena:* Vyote juu 😂 Wanaficha kwa sababu mpinzani akijua mkono upi mbovu, gongo litaelekea huko. Orodha ya kweli hutoka msimu ukiisha. Bergeron wa Boston 2013: ubavu umevunjika, bega limeachana, pafu limetoboka. Tkachuk wa Florida 2023 alicheza mechi ya fainali na mfupa wa kidari uliovunjika, hawezi hata kuvaa vifaa mwenyewe. 2025 tena, msuli wa paja la ndani umechomoka kwenye mfupa, akabeba kombe, upasuaji Agosti. Watu wanaita ushujaa. Paja la ndani ndilo linalosukuma kila hatua ya barafuni, ukilichosha hivyo unaanza msimu mpya ukiwa jukwaani. Na ndivyo ilivyokuwa.

*Rehema:* Hyman wetu hakuwa na la kuficha, kifundo cha mkono kiliteguka mechi ya nne na Dallas. Fainali akaitazama.

*Hamisi:* Na Kucherov wa Tampa? Yule "aliyepona" siku ya kwanza ya mchujo 👀

*Mjomba Salim:* Nyonga ilipasuliwa kweli, usimzulie. Ujanja ulikuwa wa hesabu. Mchezaji atakayekosa angalau mechi 10 na siku 24 anawekwa kwenye orodha ya muda mrefu, na wakati ule timu iliruhusiwa kupita ukomo wa mishahara kwa kiasi cha mshahara wake. Zamani kwenye mchujo ukomo haukuwepo, kwa hiyo 2021 akarudi na wale walionunuliwa kwa nafasi yake wakabaki. Pointi 32, kombe, na fulana ya kujisifu milioni 18 juu ya ukomo. Kuanzia 2025-26 wale 20 wanaovaa jezi usiku wa mchujo lazima watoshe ndani ya ukomo. Mlango umefungwa.

*Dada Zena:* Walichonikera ni kinga ya shingo. Malarchuk 1989, Zednik 2008, wote mshipa wa shingo ulikatwa na wembe wa kiatu, wote waliokolewa kwa dakika. Malarchuk yeye mtabibu wa timu alibana mshipa kwa vidole mpaka madaktari wakampokea. Adam Johnson, kwenye mechi Sheffield, Uingereza, Oktoba 2023, hakuokoka. Na NHL inalazimisha kinga kuanzia 2026-27 kwa wanaoingia wapya TU. Mkongwe ana shingo ya chuma?

*Mjomba Salim:* Ndivyo walivyofanya helmeti 1979 na kioo cha uso 2013. Wakongwe wanaachwa mpaka wastaafu. MacTavish alicheza kichwa wazi hadi 1997.

*Hamisi:* Vijana wa hapa Nairobi wanaulizia kinga hizo. Wachukue ipi?

*Dada Zena:* Ya kitambaa cha nyuzi zisizokatika kirahisi, iliyoshonwa pamoja na fulana ya ndani, shingo ndefu. Ile ya mkanda wa kufunga nyuma inapanda na kushuka, ikishuka mshipa uko wazi. Kidole kimoja tu kiweze kuingia kati ya kitambaa na ngozi. Isifuliwe kwa maji ya moto wala dawa ya kung'arisha. Na ikishakatwa mara moja, hata kidogo, tupa.

*Shangazi Mwanasiti:* Nairobi barafu ipo wapi?

*Hamisi:* Panari shangazi, hotelini, barabara ya Mombasa. 2018 vijana wale walipelekwa Canada wakacheza na Crosby na MacKinnon.

*Shangazi Mwanasiti:* Haya. Na wewe mchango wako sijauona.

*Hamisi:* 🏃🏾‍♂️ Mjomba, mechi ya leo saa ngapi kwetu?

*Mjomba Salim:* Saa 2 usiku Toronto, kwenu saa 9 alfajiri. Tuma mchango kwanza, kiungo nitakutumia baadaye.