Mama yangu anabeba magunia kwa kamba ya kichwani: je, maumivu yake ni uzee au ni kazi?

Furaha, Bukavu
Jambo kwenu wote. Mama yangu anabeba mizigo kutoka Beach Muhanzi, pale mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi inaposhushia bidhaa, hadi soko la Kadutu. Gunia hukaa mgongoni, likishikiliwa na kamba inayopita kwenye paji la uso, naye hupanda mlima akiwa ameinama hata hamwoni anayekuja mbele yake. Tangu msimu wa mvua uliopita huamka na shingo iliyokakamaa, vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, na ikifika jioni magoti yamevimba. Majirani wanasema ni uzee, ingawa hajatimiza miaka 50. Je, atapona akipumzika? Kumwambia aache kabisa siwezi, kwa sababu kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Goma
Dada Furaha, mpe mama pole. Bila kumpima siwezi kuthibitisha, lakini dalili hizo zinaelekea kwenye kazi kuliko kwenye umri. Kamba ya kichwani huvuta kichwa nyuma, na misuli ya shingo hulazimika kukaza njia nzima ili kuzuia mvuto huo, huku pingili za shingo zikikandamizwa. Mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi hutokea katikati ya pingili hizo, na ikibanwa, vidole hufa ganzi. Magoti nayo huumizwa zaidi na mteremko kuliko mpando, hasa wakati wa matope.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya waliozoea kubeba waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu za ziada katika kutembea. Kwa mama mwenye kilo 60, hizo ni kilo 12, ilhali mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe pungufu kwa kiasi kikubwa. Sisi huku tunawapakia mama zetu bila hata kuuliza mzani, na jambo hilo linanihuzunisha sana.

Mama Mbebaji, Nyawera
Mwanangu, ushauri wa kupunguza mzigo ni wa kweli, lakini sisi tunalipwa kwa gunia, hatulipwi kwa kilo. Ukibeba nusu, unapata nusu ya pesa na mlima ni ule ule. Kilichotusaidia ni kwenda kwa mwenye mali tukiwa wawili na kumwomba afungue gunia, tugawane, naye alipe bei ya gunia zima. Wengine hukataa, lakini wapo wanaokubali, kwa sababu mali yao hufika bila kuanguka. Tena mama asinyanyuke na mzigo kutoka chini. Auegemeze kwenye ukuta mfupi, ajifunge kamba akiwa amesimama, na mwenzake ausukume kidogo kutoka nyuma.

Umuulize pia, kwa faragha, kama anahisi uzito chini ya tumbo au kama mkojo unamtoka anapokohoa. Kizazi hushuka kwa wengi wetu na tunanyamaza kwa aibu. Hospitali ya Panzi inatibu tatizo hilo, asisubiri.

Furaha, Bukavu
Asante sana, mama. Nitamuuliza leo usiku. Daktari, na ile ganzi?

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Goma
Ganzi mara nyingi hupungua mzigo ukiondolewa mapema, ndiyo maana ningependa apumzike wiki chache na kupimwa shingo. Gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, likishalika halirudi, ila maumivu yanaweza kutulizwa kwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja. Lakini vitu vikianza kumdondoka mkononi, miguu ikilegea, au akishindwa kuzuia mkojo ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.