Tupeane uzoefu: jirani akibadilisha matumizi ya ploti, maoni yako yaliishia wapi?

Mkaazi wa Section 58, Nakuru:
Wanajamvi, hamjambo. Tangu Nakuru ipate hadhi ya jiji Desemba 2021, mtaani kwetu vibao vya ujenzi vinachipuka kila kukicha. Nyumba ya familia moja inabomolewa, zinapanda ghorofa za kupangisha. Nyingine inageuzwa baa. Sipingi mjengo, hata mimi nina wapangaji nyuma ya nyumba. Nataka visa vyenu: ulipeleka maoni vipi, na kikafanyika nini? Majina ya watu tuyaache, na siasa pia.

Mama Kiamunyi:
Kwetu jirani alitaka kujenga ghorofa za kupangisha, na shida ilikuwa choo. Upande wetu hakuna laini ya maji taka, kila boma na shimo lake, na kuna kisima karibu kabisa na ile ploti. Mzee mmoja alituandikia barua iliyojaa laana na "hatutaki wageni". Hatukuipeleka. Tukaandika nyingine fupi: maji taka ya nyumba zote hizo yataenda wapi? Tukaweka namba ya ploti, tukatia sahihi majirani wote wanaopakana nayo, nakala yetu ikapigwa mhuri. Michoro ikarudishwa. Alipokuja na mingine, ghorofa zilikuwa zimepungua na amechora mtambo wa kusafisha maji taka. Amejenga, tunaishi naye. Vumbi tu ndilo lililotuua.

Nyakwar Dunga, Kisumu:
Huku walitaka kujaza udongo kwenye kinamasi. Barazani vijana walipiga kelele hadi sauti zikakauka, hakuna aliyeandika chochote. Kisha akasimama mama mmoja anayekata mafunjo ya kusuka mikeka, akauliza samaki watazaa wapi na maji machafu ya mjini yatachujwa na nini kabla ya kuingia ziwani. Mwingine akatoa simu. Alikuwa na picha za 2020, ziwa lilipofurika: pale pale walipotaka kujenga, maji yalifika kiunoni. Zile picha ziliwanyamazisha kuliko hotuba zetu zote. Mpaka leo hakuna jiwe lililowekwa.

Mpima mstaafu:
Niongeze la kisheria. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake na kualika pingamizi. Ila kuna mtego ambao wengi hawaujui: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, inahesabiwa ameruhusiwa. Kwa hiyo kukaa kimya mkidhani faili limelala ni kumsaidia. Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko mfuko uwe umejaa.

Fundi wa Kakamega:
Mimi ndiye yule jirani mnayemlalamikia, haha. Nilitaka karakana ya kuchomelea vyuma kwenye ploti ya makazi. Kibao nilikiweka barabarani, si nyuma ya mti kama wengine. Wakapinga kelele na ile miale inayoumiza macho ya watoto. Walikuwa na haki. Nikajenga ukuta mrefu, nikakubali kufunga saa kumi na moja jioni. Kazi nimepata, lakini kuna mzee mmoja hajaitikia salamu yangu tangu siku hiyo. Pia mjue wako wanaopinga kwa wivu tu, na afisa akisoma barua anaitambua mara moja.

Mpangaji wa Nyalenda:
Na sisi wapangaji? Landilodi wangu anasema maoni ni ya wenye hati.

Mpima mstaafu:
Anakudanganya, mwanangu. Notisi inaita umma, haiiti wenye hati. Andika jina lako, unapoishi, namba ya ploti unayoizungumzia na jinsi mradi utakavyokugusa. Usisahau nakala ya kupigiwa mhuri.